Mjane wa Reims na Mibuni ya Ruiru

Nilipostaafu kazi ya ualimu mwaka 2022, baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki, baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani waliniandalia chakula cha jioni mjini Thika. Hawakuwa wengi, yapata kumi na wawili hivi, nao walikuwa wamechanga fedha zao bila kunijulisha. Mmoja wao, ambaye nilimfunza historia na ambaye siku hizi huhudumu mezani katika hoteli moja kubwa jijini Nairobi, alikuja amebeba chupa nzito iliyoviringishwa gazeti. Alipoliondoa gazeti hilo nikaona karatasi ya rangi ya manjano iliyokolea, na juu yake maandishi ya Kifaransa. Nilimwuliza neno la kwanza lilikuwa na maana gani. Alinijibu kwamba maana yake ni mjane.

Ndugu msomaji, jawabu hilo lilinishtua kuliko mshindo wa kizibo uliofuata. Mimi ni mtoto wa mjane. Nililelewa karibu na Ruiru na mama aliyefiwa na mumewe nikiwa darasa la tatu, na katika maisha yangu yote sikuwa nimeona hali hiyo, ambayo kwetu hutajwa kwa sauti ya chini, ikipigwa chapa kwenye bidhaa na kuuzwa kwa bei ya kumfanya mwalimu akune kichwa. Nilitaka kujua ni mjane gani huyo, na alifanya nini hata jina lake likafika Thika.

Najua kwamba ukurasa huu husomwa madarasani, na yamkini mwalimu mwenzangu ameanza kukunja uso. Simshawishi mwanafunzi yeyote aonje kileo. Lakini historia ya biashara haiwezi kufundishwa kwa kuruka kila bidhaa tusiyoiafiki, kwani tungelazimika kuifuta tumbaku, na pamba iliyolimwa na watumwa, na hata sukari tunayotia katika chai ya chumba cha walimu.

Sisi wenyeji wa sehemu hizi tulizoea kuihesabu shampeni kuwa kinywaji cha masetla, kwa watu wa namna ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, aliyemiliki shamba kubwa la Juja na kuwakaribisha humo Winston Churchill mwaka 1907 na Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mlima wa Kilimambogo, ambao huonekana ukiwa Thika asubuhi isiyo na ukungu. Kwa hiyo tulidhani kwamba divai ya namna hiyo ni kazi ya mabwana wakubwa waliozaliwa na mali. Kwa upande wa mali hatukukosea sana. Kwa upande wa mabwana tulikosea.

Barbe-Nicole Ponsardin alizaliwa mjini Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, tarehe 16 Desemba 1777. Babake alikuwa mwenye viwanda vya nguo na mtu mwenye akili ya kupima upepo wa siasa. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789, binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akisoma kwa watawa, na inasimuliwa kwamba mshona nguo wa familia alimtoa huko akiwa amevishwa nguo za mtoto wa maskini. Babake alijiunga na wanamapinduzi kwa muda uliohitajika, na Napoleon alipopanda akawa mtu wa Napoleon, akafanywa meya wa Reims na kupewa cheo cha ubwana. Simsifu kwa hayo. Ninayataja kwa sababu bintiye alirithi uwezo uleule wa kuona mbali, akautumia katika jambo lenye manufaa zaidi.

Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, mwana wa mfanyabiashara mwingine wa nguo ambaye tangu mwaka 1772 alikuwa akiuza divai kidogo kando ya vitambaa. Kijana François aliipenda divai kuliko nguo. Mwaka uliofuata walijaliwa binti, Clémentine, ambaye alikuwa mtoto wao wa pekee. Mume na mke walizunguka pamoja katika mashamba ya mizabibu, wakajifunza kazi kwa macho na kwa ulimi. Kisha, mwezi wa Oktoba 1805, François akashikwa na homa na kufariki. Mjane alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasome polepole. Sheria ya raia ambayo Napoleon aliitoa mwaka 1804 ilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe. Hakuweza kufanya biashara bila idhini ya mume, wala kutia sahihi mkataba kwa hiari yake. Binti asiyeolewa naye alikuwa chini ya kivuli cha babake. Lakini mjane aliachwa katika mwanya ambao watunga sheria hawakuuziba: aliweza kumiliki, kukopa, kuajiri na kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Barbe-Nicole aliuona mwanya huo. Baba mkwe wake, Philippe Clicquot, kwa majonzi ya kufiwa na mwana, alikuwa amekata shauri kuifunga biashara. Mkazamwana akamwendea na kumwomba amwachie aiendeshe. Mzee huyo akakubali, akaongeza na fedha zake, kwa sharti kwamba ashirikiane kwa miaka minne na mfanyabiashara mzoefu, Alexandre Fourneaux. Miaka hiyo ilipokwisha mwaka 1810, Fourneaux akaenda zake, na kampuni ikaitwa kwa jina la mjane pamoja na jina la ukoo wa babake. Hakuolewa tena hadi kufa. Walioandika habari zake hupenda kueleza jambo hilo kwa uaminifu kwa marehemu. Huenda ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba siku ambayo angeolewa ndiyo siku ambayo angerudi chini ya mamlaka ya mume, na funguo za ghala zingehamia mfuko mwingine.

Nilipokuwa nikisoma habari hizo, nilimkumbuka mama mwaka 1971. Baba alikuwa amepanda mibuni mia tatu, baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuwafungulia Waafrika njia ya kulima kahawa. Alipofariki, mama aliendelea kuchuma buni na kuipeleka kiwandani kichwani, lakini siku ya malipo karani wa chama cha ushirika alimwambia kwamba nambari ya uanachama ni ya marehemu, na kwamba fedha zitapokelewa na ndugu wa kiume wa marehemu. Haikuwa dhuluma ya mtu mmoja. Ndivyo mambo yalivyoendeshwa, na Sheria ya Urithi haikuanza kutumika hadi mwaka 1981. (Hata hiyo, ilipoanza, ilisema kwamba haki ya mjane juu ya sehemu kubwa ya mali iliyosalia ilikoma akiolewa tena, mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Napoleon angetabasamu.) Aliyemwokoa mama ni baba mkubwa, kaka wa baba, mzee asiyejua kusoma. Siku moja alivaa koti lake la pekee, akaenda naye hadi afisini, akatia kidole gumba kwenye karatasi kwamba yeye hana dai lolote. Mama akapewa kadi yenye jina lake. Kwa hiyo ninapofika kwa mzee Philippe Clicquot katika kitabu, huwa nasimama kidogo kwa heshima.

Turejee Reims. Mwaka 1810 haukuwa mwema wa kuanza biashara. Vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga bandari za Ulaya. Shehena yake moja ilikuwa imekwama Amsterdam hadi divai ikaharibika. Lakini mwaka 1811 nyota yenye mkia ilionekana angani kwa miezi mingi, na zabibu za mwaka huo zikawa nzuri ajabu. Mjane akaihifadhi divai hiyo, akangoja. Mwaka 1814 majeshi ya Urusi yaliingia Reims, na maafisa wake wakanywa walivyopenda. Wengine wangelia hasara. Yeye aliwatazama kama wateja wa kesho. Napoleon alipoanguka, kabla ya marufuku ya Warusi dhidi ya divai ya Kifaransa ya chupa kuondolewa, alikodi kwa siri merikebu ya Kiholanzi, akapakia chupa 10,550, na mwezi wa Juni akaituma Königsberg pamoja na mwuzaji wake mwaminifu, Louis Bohne. Endapo merikebu ingezama au kukamatwa, kampuni ingekwisha. Haikuzama. Wanunuzi walikuja wakigombania chupa, na muda si muda jina la mjane likawa midomoni mwa matajiri wa St. Petersburg, huku washindani wake wa Reims wakiwa bado wanafunga mizigo.

Sasa niseme juu ya povu lenyewe, maana hapo ndipo alipotoa mchango ambao hata asiyekunywa anapaswa kuustahi. Shampeni huchachuka mara mbili. Mara ya pili huchachuka ndani ya chupa iliyozibwa, kwa sukari na chachu iliyoongezwa, na hewa inayotokea hukosa mahali pa kutokea, ikajificha katika divai. Kani ya ndani hufikia zaidi ya mara mbili ya ile ya gurudumu la gari. Zamani chupa zilipasuka ovyo, na wafanyakazi wa maghala walivaa vinyago vya chuma. Tatizo jingine ni mashapo ya chachu iliyokufa, ambayo huichafua divai. Waliokuwa wakionja muratina ya babu zetu wanajua tabia ya mashapo: unamimina kwa upole, na mwishowe lazima uache kitu chini ya pembe. Kwa shampeni haikuwezekana kuhamisha divai kutoka chupa hadi chupa bila kupoteza povu.

Yapata mwaka 1816, mjane na msimamizi wake wa ghala, Antoine Müller, walitoboa meza matundu, wakazisimamisha chupa humo vichwa chini. Kila siku ziligeuzwa kidogo na kutikiswa kidogo, kwa majuma kadhaa, hadi mashapo yote yakateremka na kukaa juu ya kizibo. Kizibo kikitolewa kwa ustadi, mashapo huruka nje pamoja na divai kidogo sana, na inayobaki huwa safi kama maji ya chemchemi. Inasemekana meza ya kwanza ilikuwa ya jikoni kwake. Alijitahidi kuifanya siri, lakini wafanyakazi wana midomo, na hatimaye nyumba zote za Reims zikaiga. Leo mashine hugeuza mamia ya chupa kwa pamoja, lakini kanuni haijabadilika.

Jioni ile ya Thika sikuyajua haya yote. Nilijua kuonja tu, na hilo nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa mwonjaji katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, kile kilichoanzia katika shamba la Jacaranda miaka ya 1940 na ambacho mwaka 1985 kiliwapa wakulima aina ya Ruiru 11. Mjomba alivuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa mlio wa aibu, akaizungusha kinywani, akaitema. Alinifunza kwamba ukali si kasoro. Kahawa ya Kenya husifiwa kwa ukali wake, mradi uwe mkali na safi kama wa tunda, si wa kitu kilichovunda. Basi nami niliinusa shampeni kwanza. Ilinuka tufaha, ganda la limau, na nyuma yake mkate unaotoka tanuuni, harufu ambayo nimeelezwa kwamba hutokana na kukaa muda mrefu pamoja na chachu. Kinywani povu lilikuwa dogodogo na laini, na ukali wake ulininyoosha mgongo. Mjomba angeikubali, ingawa nina hakika angeitema.

Lililonishangaza zaidi ni jinsi ilivyobadilika kwa kila chakula, utadhani walikuwa wamefungua chupa sita. Kwa sambusa za nyama na vipande vya samaki vilivyokaangwa ilifaa mno: ukali na povu viliosha mafuta ulimini, na kila tonge likawa kama la kwanza. Kwa njugu zenye chumvi ilizidi kuwa tamu, kwa kuwa chumvi hupunguza makali ya uchachu. Kwa mbuzi wa kuchoma ilitosha, ila moshi uliifunika kidogo. Kachumbari yenye pilipili ilikuwa balaa. Hewa ya povu huchokoza ulimi pale pale pilipili inapouma, na mmoja wetu alitoka nje kutafuta maziwa. Nanasi, fahari ya Thika, liliifanya ionekane nyembamba kama maji yaliyokamuliwa limau. Na keki, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kuwa kilele cha sherehe, iliiharibu kabisa. Baada ya kuionja ile sukari, divai iligeuka kuwa siki.

Mwanafunzi wangu alicheka, akaniambia kwamba huo ndio mtihani wanaouanguka wengi: divai isiyo na sukari haipewi kitu kitamu kuliko yenyewe. Kumbe nilikuwa nimechelewa miaka mia mbili. Shampeni ambayo mjane aliwapelekea Warusi ilikuwa tamu, nayo iliweza kuandamana na vitamutamu vya mwisho wa mlo. Mwaka 2010 wapiga mbizi waligundua chupa 168 za shampeni katika merikebu iliyozama karne ya 19 karibu na visiwa vya Åland, katika bahari ya Baltiki, na miongoni mwazo zilikuwamo za mjane. Zilipochunguzwa zilikutwa na takriban gramu 140 za sukari katika lita moja. Ile iliyoandikwa brut leo hairuhusiwi kufika gramu kumi na mbili. Ni Waingereza waliopenda divai kavu, na mjane mwingine wa Reims, Louise Pommery, ndiye aliyewatengenezea ya kuwapendeza mwaka 1874. Hata ile karatasi ya manjano iliyonivutia ilisajiliwa mwaka 1877, miaka kumi na mmoja baada ya mjane wa kwanza kuzikwa. Kwa hiyo kitu ambacho angekitambua kwa hakika mezani petu ni jina lake.

Nimefika sasa mahali ambapo nampenda kidogo zaidi, na ambapo singependa kumficha. Mwaka 1817 alimwoza Clémentine kwa bwana mmoja wa ukoo wa vyeo, Louis de Chevigné, mwanamume hodari wa kutumia fedha. Mwaka 1821 aliajiri kijana wa Kijerumani, Edouard Werlé, ambaye mwaka 1828, wakati wa msukosuko wa mabenki, aliiokoa kampuni isifilisike. Mwaka 1831 akamfanya mbia, na mwaka 1841 alipostaafu, akamkabidhi biashara yote. Binti yake alipewa mali, kasri la Boursault likajengwa, lakini ghala halikuwa lake. Husemwa kwamba Clémentine hakuwa na akili ya biashara. Labda. Lakini sijasoma popote kwamba aliwahi kufundishwa. Mwanamke ambaye alimwomba baba mkwe wake nafasi moja tu, na akapewa, hakumpa bintiye nafasi ya namna hiyo. Ajabu ni kwamba ujasiri uliruka vizazi: kitukuu chake, Anne, aliyekuwa dachesi wa Uzès, ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Ufaransa kupata leseni ya kuendesha gari, mwaka 1898. Mjane mwenyewe alifariki Boursault tarehe 29 Julai 1866, akiwa na umri wa miaka themanini na minane.

Labda ninamhukumu kwa ukali kwa sababu nyingine. Tangu darasa la sita mimi ndiye niliyeandika daftari la buni la mama: kilo ngapi, siku gani, bei gani, makato mangapi. Nilijua hesabu za mibuni ile kuliko mtu yeyote nyumbani. Mama alifariki mwaka 2009, mwaka mmoja kabla ya katiba mpya, na shamba alikuwa amekwisha kuwagawia kaka zangu wawili, kama alivyoona kila mzazi wa kijiji kile akifanya. Mimi aliniachia kadi ya chama. Sikumwuliza kwa nini, naye hakunieleza. Kaka zangu waling'oa mibuni, wakajenga vyumba vya kupanga, kama walivyofanya majirani, na kama yalivyofanya mashamba makubwa ya kahawa ya Ruiru ambayo sasa ni mitaa yenye lango na walinzi.

Chupa ya Thika haikuisha. Niliibeba nyumbani, na asubuhi kaka yangu mkubwa akaja kunipa pole na pongezi za kustaafu, mkononi ana mkungu wa ndizi. Nilimtengea nduma na chai, akaiona chupa juu ya meza, akataka kuionja. Povu lilikuwa limekwisha, imebaki divai tulivu na ukali wake. Aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mjane. Akauliza mjane gani, nami, badala ya kumsimulia habari za Reims, nikaitoa kadi ya mama kwenye Biblia na kuiweka mbele yake. Aliisoma nambari ile kwa muda mrefu, akamaliza kilichokuwa katika bilauri, kisha akaniambia kwamba nyuma ya vyumba, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, imebaki mibuni kumi na minne ambayo hakuna aliyepata nguvu za kuing'oa, na kwamba tangu mvua ya juma lililopita imeanza kuchanua.